Jeton Kwenye Msumari

Vijana wenzangu wa karakana, siku ile ya kuniaga mliniuliza kwa nini ninaondoka na kabati na kuwaachia vyombo. Nilijibu kwamba vyombo vimechoka na kabati bado ina nguvu, tukacheka. Halikuwa jibu. Kabati ile ina kalkuleta za zamani, zile zenye tarakimu nyekundu, ambazo mmezoea kuziita makaburi ya Papa Ngoy. Karibu zote zinawaka. Moja haiwaki na haitawaka tena. Naandika ili mjue ilikufaje, nani aliiua, na nani alifukuzwa kazi kwa ajili yake. Humo humo nitawaeleza namna ya kuchaji betri za zile nyingine, maana nyinyi mnazichaji kama simu, na siku moja mtachoma nyumba ya mtu.

Nilianza kazi katika karakana ya mashine za ofisi ya kampuni moja ya migodi, hapa hapa Lubumbashi. Nilitoka shule ya ufundi nikiwa na cheti, suruali ya kuazima na maneno mengi. Mkuu wa meza yetu alikuwa Papa Mukalay, mtu mfupi, mkimya, aliyevaa koti la kazi lililopigwa pasi hata siku ya Jumamosi. Alisoma cheti changu mpaka mwisho, akakikunja vizuri, akanirudishia.

"Ni muzuri," alisema. "Sasa leta mukono."

Alishika mkono wangu, akaugeuza, akaweka mgongo wa kiganja juu ya betri ndogo iliyokuwa inachaji mezani.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Papa."

"Njo muzuri. Ukisikia moto, umeisha kuchelewa."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na kwa wiki nzima sikupewa lingine. Kila asubuhi nilizunguka meza nikigusa betri kwa mgongo wa mkono, kama nesi anayepita wodini. Niliona ni dharau. Mwenye cheti cha umeme anapewa kazi ya kupapasa! Siku ya sita moja ilikuwa vuguvugu. Niliichomoa kabla ya kumwita mtu, na Papa Mukalay akaniletea kiti. Mpaka siku hiyo nilikuwa nafanya kazi nimesimama, nami nilidhani viti havitoshi.

Baba yake Papa Mukalay alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli. Yeye mwenyewe aliingia mgodini akiwa kijana, akawekwa lampisterie, yaani chumba cha taa. Nyinyi hamkuiona lampisterie, kwa hiyo nieleze. Mchimbaji akitaka kushuka chini, anaacha dirishani jeton yake, kipande cha shaba cha duara chenye namba, naye anapewa taa na betri yake ya kiunoni. Jeton inatundikwa kwenye msumari. Akipanda, anarudisha taa na kuchukua jeton. Zamu ikiisha na jeton bado imening'inia, maana yake kuna mtu chini, na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka ajulikane yuko wapi. Papa Mukalay alitoa taa hizo kwa miaka mingi. Alikuwa akisema hakuwahi kumpa mtu taa ambayo hakuigusa kwanza.

Alipohamishiwa kwetu alikuja na desturi yake. Aligonga safu ya misumari ukutani, akampa kila fundi jeton. Ukifungua mashine, unaiweka chini ya msumari na kutundika jeton yako juu yake. Hakuna mwingine anayeigusa mpaka uifunge na kuondoa jeton. Yake ilikuwa namba sita, yangu ishirini na tatu. Kwetu hakukuwa na swali la "nani aligusa hii?" Nyinyi mnaliuliza kila siku pale karakanani, na kila siku mnajibiwa na redio.

Mashine zenyewe zilikuwa za aina nyingi, lakini zile za wapima ardhi wa mgodini zilikuwa mabibi harusi wetu: ndogo, nzito kidogo, vitufe vinavyolia tik unapovibonyeza, tarakimu nyekundu zinazowaka nyuma ya kioo cheusi. Betri zake ni za nikeli na kadmiamu, vipande viwili au vitatu vilivyofungwa pamoja. Zikizeeka zinatoa unga mweupe unaouma ngozi na kula shaba. Tuliufuta kwa siki au ndimu, kisha maji kidogo, kisha spiriti, tukakausha vizuri. Betri iliyovimba au inayovuja haichajiwi, hata kama mwenyewe anakulilia. Wala msiipasue kuona kilichomo, wala msiizike kwenye bustani ya mchicha, maana kadmiamu ni sumu na mchicha hauchagui.

Iliyobaki nzima inapimwa kipande kimoja kimoja, kwa sababu kimoja kikifa kinawavuta wenzake. Inachajiwa nje ya mashine, polepole, kwa moja ya kumi ya uwezo wake, saa kumi na nne hivi. Inawekwa juu ya kigae, mbali na karatasi, nawe uko karibu. Chuma cha moto cha kulehemu kisiguse kipande chenyewe, kinaweza kupasuka usoni pako. Lehemu kwenye vile vibati vya pembeni. Na tafadhali, betri ya simu isiingie humo kabisa. Chaja hizi hazijui kunyamaza betri ikijaa, na betri ya simu isiponyamaziwa inawaka moto. Bosco, naandika huku nikikufikiria wewe.

Sasa nifike kwenye sheria iliyo kubwa kuliko zote. Katika mashine zile za wapima ardhi, betri haikuwa chakula tu. Betri ndiyo iliyoushika umeme wa ukutani na kuupunguza mpaka uwe salama. Ukiitoa, ukachomeka chaja kwenye mashine tupu, umeme unaingia wote bila kizuizi na kuua kila kitu ndani. Mtu yeyote mwenye akili atadhani kinyume. Betri imekufa? Basi iondoe, tumia ukuta. Ndivyo redio zinavyofanya. Ndiyo maana Papa Mukalay aliandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango: BATRI KWANZA, COURANT NYUMA, yaani betri itangulie, umeme ufuate. Nilipita chini ya maandishi hayo kila siku kwa miaka kumi na moja.

Halafu nchi ikaanza kubomoka. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire, na wale mliozaliwa baadaye mmechoka kusikia habari zake, kwa hiyo nitasema yale tu yaliyofika mezani petu. Vipuri viliacha kuja. Kwanza tulingoja miezi, kisha tukaacha kungoja. Uporaji ulipopita mjini, ofisi zetu zilibaki na kuta na kalenda. Watu waliiba nyaya kwenye nguzo, na umeme ukawa unakuja kama mlevi, mara dhaifu, mara kwa kishindo. Wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa kwa orodha, na kila orodha ilibandikwa mlangoni asubuhi. Mtu akitoka kampuni alitoka na vyote: nyumba, unga wa posho, shule ya watoto, hospitali. Hospitali ndiyo iliyotisha zaidi, maana kule nje dawa zilikuwa zimekwisha.

Katika mashine zote za wapima ardhi ilibaki moja nzima. Tuliilea kama yatima. Ilikuwa mikononi mwa Monsieur Banza, mpimaji wa chini ya ardhi, aliyekuja nayo siku moja asubuhi akitembea mbio, na Monsieur Banza hakuwa mtu wa mbio.

"Ngoy, imekufa! Maji inapanda kule chini. Pompe mbili zimesimama. Banataka nibaonyeshe pa kutoboa njia ya maji mbele zamu ishuke. Bila mashini siwezi."

Nilifungua mashine, nikatundika jeton yangu. Betri ilikuwa tupu kabisa. Niliitoa na kuiweka kwenye kigae ianze kuchaji, saa zake kumi na nne. Papa Mukalay alikuwa ameitwa ofisini.

"Masaa kumi na ine?" alisema Monsieur Banza. "Weye unacheka na miye?"

Nataka mjue nilikuwa na nini kichwani. Mke wangu Adèle alikuwa hospitali ya kampuni siku ya nne. Alikuwa amepasuliwa, mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, na wote wawili walikuwa bado hawajasema kama wanabaki au wanakwenda. Sikuwa nimelala vizuri tangu Jumapili. Hiyo siyo sababu, ni hali tu. Nilitazama maandishi yale meupe juu ya mlango, nayaona kama ninavyoona karatasi hii. Nikajiambia: ni dakika tano tu, hesabu chache, kisha nachomoa.

Nilichomeka. Kioo kiliwaka chote, nane nane nane kutoka mwanzo hadi mwisho, zikiwa nyekundu kuliko nilivyowahi kuziona. Kisha zikazimika, na harufu ndogo ikatoka kwenye vitufe. Monsieur Banza hakugombana. Alisema tu, "Eh, Ngoy," akaomba kitabu cha logariti. Nilimpa kile cha zamani chenye kurasa zilizoliwa na mchwa, nikamsindikiza mpaka getini nikimwomba radhi njia nzima.

Niliporudi mezani, mambo yalikuwa yameshageuka, nami sikujua. Papa Mukalay alikuwa amesimama mezani na koti lake, mashine mkononi. Hakunitazama. Aliirudisha mahali pake, akaenda kuketi.

Hesabu za Monsieur Banza kwa kitabu zilichukua siku mbili. Hakufa mtu, Mungu asifiwe, lakini maji yalichukua sehemu yote ya chini na sehemu hiyo ikaachwa. Ikabidi atafutwe mtu. Mkubwa wa idara alikuja karakanani na karani wake, akasimama mbele ya ukuta.

"Hii mashini, nani aliifungua?"

Sisi wote tulitazama msumari, kama tulivyofundishwa. Jeton iliyoning'inia pale ilikuwa namba sita.

Kinywa changu kilifunguka. Nakumbuka hewa ilivyoingia, baridi, kwenye meno. Nikamwona Adèle kitandani na kile kitu kidogo kilichofungwa pamba pembeni yake. Nikafunga kinywa. Papa Mukalay alisema, "Ni miye, chef," kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba bisibisi. Jina lake liliingia kwenye orodha ya wiki ile. Jeton yangu niliitafuta kila mahali, sikuiona. Nilisema nimeipoteza, nikapewa nyingine.

Aliondoka na mke wake, Mama Véronique, wakaenda Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga, ambako walikuwa na ndugu. Nilimsaidia kupakia. Tulifunga magodoro, tukafunga cherehani ya Mama, tukazungumza habari za kamba na mafundo. Mama Véronique ndiye aliyempelekea Adèle uji hospitalini kila asubuhi ya siku zile. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sindano zake zilikuwa zinatoka hospitali ile ile ya kampuni. Nilijua hilo. Nilijua nilipokuwa nafunga fundo la mwisho.

Adèle alipona. Mtoto alipona, mnamjua, ndiye yule bwana mkubwa anayekuja kunichukua kwa pikipiki na kunikemea kwamba nimechelewa kula. Mama Véronique alikufa Kasomeno, masika ya pili. Habari zilinifikia mapema, ningeweza kuwahi kilio. Nilifunga mfuko, nikafika kituo cha malori, nikarudi nyumbani. Nilimwambia Adèle kwamba hapakuwa na gari. Yalikuwepo matatu.

Kampuni ilipofunga karakana yetu, nilihamia kazi ya mtaani, hapa hapa Lubumbashi, commune ya Kenya, ambako mlinikuta. Ndiko nilikoanza kukusanya. Mashine zilizoporwa zilikuwa zinauzwa sokoni katikati ya viatu na sufuria, bila chaja, na wauzaji walizijaribu kwa njia ile ile niliyojaribu mimi: betri nje, waya ndani. Sikuweza kuvumilia. Nilizichukua zile ambazo hazijaguswa, nikazisafisha kwa ndimu, nikazitengenezea betri, nikazichaji polepole nikiwa nimeketi pembeni na mgongo wa mkono tayari. Watu walisema Papa Ngoy anapenda vitu vya zamani. Sivipendi hivyo. Nilikuwa narudisha moja baada ya nyingine, na kila iliyowaka nilisema kimoyomoyo, hii hapa, Papa. Ile iliyokufa niliiomba siku yangu ya mwisho kwenye kampuni, na karani aliniachia kwa sababu ilikuwa takataka.

Nilistaafu mwezi uliopita, na wiki iliyofuata nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mtu wa maombi aliyeimba mpaka Kasomeno. Nilikuwa na mashine ile ndani ya kitambaa. Odile, binti wa Papa Mukalay, ana duka la unga kando ya barabara, na baba yake anaketi mlangoni. Ni mzee sana sasa. Macho yamefunikwa na ukungu, lakini koti lilikuwa limepigwa pasi.

"Papa, ni Ngoy. Wa ku atelier ya mashini."

Aliinua kichwa. "Ngoy. Leta mukono."

Nilimpa mkono, akaushika. Kisha nikamwekea mashine mapajani. Aliipapasa, akaijua kwa vitufe, akafungua kwa kidole gumba kile kifuniko cha nyuma, akaingiza kidole ndani.

"Batri aiko."

"Aiko, Papa. Ni miye niliiua. Niliondoa batri, niliweka courant. Jeton ilikuwa yangu, na nilinyamaza."

"Ninajua. Ni miye niliondoa jeton yako ku musumari, nikaweka yangu."

"Juu ya nini, Papa?"

"Bibi yako alikuwa ku hopitali na mutoto. Batoto bangu balikuwa bakubwa. Nilihesabu mbio mbio, sawa weye." Alifunga kifuniko. "Na miye naye nilikosa hesabu. Nilisema Mama Véro atavumilia."

Odile alikuwa ameacha kupima unga. Papa Mukalay aligeuza uso upande wa barabara.

"Sikukasirika juu ya kazi, Ngoy. Kazi nilikupa miye mwenyewe. Nilikasirika juu ya kilio. Bantu balikuja, hata bale sikujuaka. Miye nilikuwa naangalia njia. Kila camion yenye kusimama, nasema, huyu njo Ngoy. Siku tatu."

"Nilikuwa na haya, Papa."

"Haya ilikuwa yako. Mama naye alikuwa wako."

Nililia pale, mtu mzima, mbele ya wanunuzi wa unga, na sikujificha. Hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia yamekwisha. Aliniacha nilie mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Batoto ba ku kazi yako, banajua?"

"Hapana."

"Utabaandikia. Yote. Na ya batri, utaandika muzuri, basiunguze bantu." Akamwita binti yake. "Odile, lete ile kopo."

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye vifungo na sindano za cherehani ya Mama. Alichimba kwa vidole mpaka akapata alichotaka, akakisugua kwenye koti. Shaba ilikuwa nyeusi, lakini namba ilisomeka: ishirini na tatu.

"Ku lampisterie," alisema, "jeton ikibaki, muntu angali chini. Atuendake ku nyumba. Njo maana niliichunga." Alifungua kiganja changu, akaiweka, akakifunga kwa mikono yake miwili. "Kamata. Panda sasa, mwana wangu."

Nimegonga msumari ndani ya kabati, juu ya mashine ile. Jeton yangu iko pale, namba ikitazama nje, na yeyote atakayefungua mlango ataona nani aliifungua.